Spea og au kopi? Mashine yangu ya HP 15 ilivyonifundisha

Hapa mwaloni Kayenze, Mwanza, swali linalonifikia mara kwa mara ni hili: kuna haja gani ya kulipa bei ya spea og, yaani ya kampuni yenyewe, wakati kopi ya kuiga ipo, inafanana, na inaingia vilevile? Nina mtumbwi mmoja wa dagaa na mashine yake ya Yamaha Enduro ya HP 15, huu ni mwaka wa nane. Nikiulizwa huwa nauliza kwanza: spea ipi? Maana kuna spea ikifa inakufa peke yake, na kuna spea ikifa inaondoka na mashine nzima.

Nianze na impela, ndiyo iliyoniumiza.

Impela ni kile kigurudumu cha mpira kilichojificha huku chini, juu kidogo ya gia. Kikizunguka kinavuta maji ya ziwa na kuyapandisha kwenye silinda ili zipoe, na maji kidogo yanachuruzika nje kama mkojo, mwendeshaji aone kwamba mzunguko upo. Mashine hizi hazina rejeta. Maji ya ziwa ndiyo yanayofanya kazi hiyo, na mpira huo mdogo ndio unaoyasukuma.

Mwaka wa tatu impela ikachoka. Nikaenda mjini, nikaonyeshwa og, zaidi ya mara tatu ya bei ya kopi. Giza lilikuwa limeingia, yaani siku zisizo na mbalamwezi, ndizo siku za dagaa zenyewe, petroli imeshanunuliwa, vijana wanasubiri. Nikachukua kopi.

Ilifanya kazi kama wiki tatu. Usiku mmoja tukitoka upande wa kisiwa cha Bezi, mkojo ukakatika na aliyeshika mashine hakuona. Kilichotushtua ni harufu ya rangi inayoungua. Mashine ikapungua nguvu, ikakaza, ikazima. Nikavuta kamba, haikusogea hata kidogo. Tulipiga kasia mpaka alfajiri, na dagaa walifika jua limeshapanda, wamelainika. Akina mama wanaoanika walitoa nusu ya bei, na sikuwalaumu.

Fundi alipoifungua, impela haikuwa imekatika panga hata moja. Aliniwekea kiganjani. Bushi ya chuma iliyo katikati ilikuwa imeachana na mpira: unaigeuza kwa kidole, mpira umetulia tuli. Shafti ilizunguka usiku ule, bushi ikazunguka nayo, maji hayakupanda. Pistoni zilikwaruza silinda, ringi zikaganda. Nililipia kuchonga silinda, pistoni mbili, ringi na gasketi, na kambi ikakaa bila kazi giza zima. Kwa hela ile ningebadilisha impela og kila mwaka mpaka mwanangu aliye darasa la pili amalize kidato cha nne.

Tangu hapo impela, sili za maji, plagi, pistoni na ringi nanunua og tu. Impela naibadilisha kila mwaka hata ikiwa nzima, kwa sababu tunawasha mashine kwenye kina kifupi na mchanga unavutwa ndani unausaga mpira, halafu gugumaji na mifuko ya plastiki vinaziba matundu ya kuingizia maji.

Ila usiamini boksi. Boksi linaigwa. Omba uishike impela yenyewe: kunja panga moja kwa dole gumba uachie, linyooke palepale. Kisha shika mpira kwa mkono mmoja, jaribu kuizungusha bushi kwa mwingine. Ikicheza hata kidogo, irudishe. Na og iliyokaa miaka kwenye kioo kinachopigwa na jua mpira wake umeshakuwa mgumu, nayo iache. Muuzaji asiyetaka uguse, hama duka.

Propela ni habari nyingine. Kwa mawe ya Mwanza utaigonga tu, iwe og iwe kopi, na mimi natumia kopi bila wasiwasi. Angalia tu kwamba mpira wa ndani umeshika vizuri, maana ndio unaopokea kishindo ili gia zisivunjike. Kamba ya kuwashia, mpini na bomba la mafuta, chukua nafuu.

Vijana wengi wanashawishiwa propela ya pichi kubwa waende kasi. Pichi ni umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu kwenye mbao. Ikiwa kubwa, mtumbwi mtupu unakimbia kweli. Lakini sisi hatuishi kwa mtumbwi mtupu. Ukirudi na mzigo mashine inalemewa, haifiki mizunguko yake, inakula petroli na kuchemka. Nilijaribu mwezi mmoja, nikarudisha ya zamani.

Na kabla hujahangaikia spea yoyote, pima oili unayochanganya na petroli. Yangu inataka 50 kwa 1, yaani mili 400 za oili kwa dumu la petroli la lita 20. Kukadiria kwa jicho kumeua mashine nyingi kwenye mwalo huu kuliko kopi zote.

Siku hizi mtumbwini nina kopo lenye mfuniko: impela og moja, plagi mbili, spana ya plagi, bisibisi na tochi. Na kila tunapowasha, kabla ya nanga kutoka, aliyeshika mashine anaweka kiganja kwenye mkojo na kusema kwa sauti, "Maji yapo." Asiposema, hatuondoki.