"Leeway" na upande wa demani

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza ni neno gani la Kiingereza lenye asili ya baharini linalowasumbua wafasiri wetu, na Kiswahili kina nini cha kuweka mahali pake. Jibu langu ni "leeway". Wengi hulifasiri upesi kuwa "mwanya" au "uhuru", ilhali jambo lenyewe wavuvi wetu wa hapa Mikindani wanalijua kwa mikono yao.

Chombo kinachokwenda kwa tanga kina upande wa goshini, ambako upepo unatoka, na upande wa demani, ambako upepo unaelekea. Upepo unapokipiga ubavuni, chombo hakiendi tu kule omo, yaani sehemu yake ya mbele, inakoelekea, bali husukumwa pia kidogo kidogo upande wa demani, na kama mkuku wake, yaani mti wa chini kabisa wa chombo, haushuki sana majini, husukumwa zaidi. Msukumo huo ndio uliokuwa "leeway" kwa mabaharia wa Kiingereza tangu karne ya 17. Sehemu ya kwanza ya neno, "lee", ni ya Kiingereza cha kale, na maana yake ilikuwa kinga au hifadhi, kwa kuwa upande wa demani ndio uliokingwa na upepo.

Nililiona jambo hili nikiwa mtoto, ndani ya ngalawa ya mjomba wangu, tukivuka ghuba ya Mikindani wakati wa kusi. Nilimuuliza kwa nini ameielekeza omo kwenye mnazi uliosimama peke yake ng'ambo, hali sisi tunakwenda kwenye mikoko, mbali na mnazi ule. Alinishika bega, akanigeuza nitazame nyuma. Povu tuliloliacha halikunyooka na tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo. Lilikuwa limelala upande wa goshini, na kwa kulinganisha mstari wa povu na mwili wa ngalawa alijua tunasukumwa kiasi gani. "Mjomba," akaniambia, "upepo nao unatupeleka." Tuliulenga mnazi mpaka mwisho, tukatia nanga kwenye mikoko.

Kutokana na msukumo huo Kiingereza kilipata maana nyingine mbili, na hapa ndipo wafasiri wanapokwama. Nahodha anayejua kwamba atasukumwa huacha maji ya kutosha upande wa demani, hasa pale pwani au mwamba unapokuwa upande huohuo, kwa sababu asipoacha nafasi hiyo chombo kitapanda mwamba hata kama omo imeelekea baharini. Kwa njia hiyo neno lililotaja hasara ya safari likaja kutaja pia nafasi inayoachwa makusudi kwa ajili ya hasara hiyo, na kufikia karne ya 19 lilikuwa limehamia nchi kavu, likitumika kwa muda, fedha na madaraka. Maana ya kale nayo haikufa: Waingereza bado husema mtu "anafidia leeway", kama mwanafunzi aliyeugua muhula mzima na sasa anajitahidi kuwafikia wenzake. Hivyo neno moja linabeba kilichopotea na pia kilichotengwa ili kupotea kusidhuru, na mfasiri asipouliza ni lipi kati ya hayo mawili linalokusudiwa, ataharibu.

Kiswahili kilifika huko zamani kwa njia yake. Methali yetu inasema dau la mnyonge haliendi joshi, na kwenda joshi ni kuukabili upepo kwa karibu bila kuporomoka demani, jambo ambalo chombo dhaifu hakiliwezi. Tunaposema mambo yamekwenda mrama, tunataja kuyumba kwa chombo baharini, ingawa msemaji wa leo huenda hajawahi kupanda hata mtumbwi.

Ubaya wa tafsiri ya haraka niliushuhudia katika mkataba mmoja wa kusafirisha korosho kutoka chama cha msingi hadi ghala kuu. Nakala ya Kiingereza ilitoa "leeway" ya siku tatu, na nakala ya Kiswahili ikaandika kwamba msafirishaji ana "uhuru wa siku tatu". Mzee mmoja akauliza mkutanoni: uhuru wa kufanya nini? Hakuna aliyeweza kumjibu, na swali lake lilikuwa la haki kabisa, kwa maana korosho ni yake na mvua ilikuwa inakaribia.

"Mwanya" nao siuafiki, kwa kuwa masikio yetu yameuzoea katika mwanya wa rushwa na mwanya wa kukwepa kodi. Hakimu aliyeachiwa kupima adhabu ana hiari. Mdaiwa aliyeongezewa siku amepewa muhula. Fundi anayekata mbao ndefu kidogo kuliko kipimo ameacha akiba. Maneno hayo yote tunayo, na kila moja lina mahali pake.

Katika mkataba ule mimi ningeandika hivi: "Msafirishaji akicheleweshwa na mvua au ubovu wa barabara, ataongezewa siku zisizozidi tatu." Hamna hapo neno moja la kusimama badala ya "leeway", lakini mzee yule angejua korosho yake itachelewa kwa siku ngapi, na kwa sababu gani.

Msomaji wenu,
Mikindani, Mtwara