Ukifiwa, ipe mikono yako kazi

Mfiwa huambiwa mengi: jikaze, subiri, ni kazi ya Mungu. Ni maneno ya kheri, na nilipofiwa na mume wangu niliyapokea kwa shukrani. Lakini hakuna hata moja lililonambia nifanye nini saa nane mchana, watu wa matanga wameshatawanyika, watoto wako chuoni, nyumba kimya. Kwa anayepita njia hiyo nina ushauri mmoja: tafuta kitu cha kutengeneza kwa mikono, kitoke kizuri kitoke kibaya, na ukishike kila siku.

Mimi nilishona kofia. Hapa Lamu si jambo geni. Wako wanawake waliolea watoto kwa sindano, na wanaume pia utawakuta barazani wakishona. Nilikuwa kwenye eda, miezi minne na siku kumi, hujipambi wala hutoki bila dharura. Mamangu mdogo akaja na kitambaa cheupe kilichokwisha kuchorwa kwa penseli. "Mwanangu, shika hii," akanambia. "Usimshonee mtu. Shona tu."

Asiyeijua kazi hii hudhani ni kudarizi maua. Kazi yenyewe ni vitundu. Unatoboa kitambaa kwa ncha ya sindano, kisha unazungushia uzi ukingoni, kila mshono ukiuvuta kwa nguvu ile ile. Ukivuta mno kitambaa kinajikunja, ukilegeza kitundu hakikai. Kofia moja ina mamia ya vitundu hivyo, ndiyo maana huchukua wiki, mara nyingi miezi. Sasa akili inayolazimika kutazama kitundu hiki, halafu hiki, haipati nafasi ya kuzunguka na yale maswali: lau tungemwahi hospitali, lau ningemzuia asisafiri. Hayaishi, ila makali yanapungua. Na pumzi nayo, bila wewe kujua, inafuata mwendo wa mkono.

Wataalamu wamelipima jambo linalokaribiana na hili. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walichapisha utafiti wa watu wazima 39 waliokaa dakika 45 wakichora, wakifinyanga udongo au kubandika vipande vya picha. Walipimwa mate kabla na baada, na kwa kama asilimia 75 yao kotisoli, homoni inayopanda mtu akiwa na msongo, ilishuka. Wale hawakuwa wafiwa, na huzuni haipimwi kwa mate. Lakini limo linalonipa moyo: waliozoea sanaa na wasioizoea hawakutofautiana. Kwa hiyo dada unayenambia huna kipaji, hicho si kizuizi. Suka ukili, chora, finyanga, tunga. Mwana Kupona binti Msham wa visiwa hivi hivi vyetu alimtungia bintiye utendi mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na maradhi hayakumzuia kushughulika na vina na mizani.

Faida kubwa kuliko zote kwangu ilikuwa mazungumzo. Binti yangu hakuwa amemtaja babake tangu maziko. Alasiri moja alikuwa ananitilia uzi kwenye sindano, jicho moja kalifumba, na hapo hapo, bila kuinua uso, akauliza kama baba alisikia uchungu. Nikamjibu huku nikishona. Tulisema mengi siku ile, na sidhani kama tungeyasema tukitazamana. Ukiwa na mtoto aliyenyamaza baada ya msiba, usimkalishe mbele yako ukamhoji. Mpe rangi au udongo, kaa ubavuni pake na wewe ufanye yako, umwache aseme akitaka.

Simu iweke chumba kingine.

Kuhusu kuuza, najua kofia nzuri huenda kwa maelfu ya shilingi na njaa haingoji. Chukua oda ukihitaji. Ila iwepo kazi moja pembeni isiyo na mteja wala tarehe, ambayo unaweza kuifumua usiku na kuianza upya asubuhi bila mtu kukudai. Ya oda inakulisha, hii nyingine ndiyo inayokutuliza.

Na iko huzuni ambayo sindano haiifikii. Ikiwa usingizi umekata siku baada ya siku, chakula hakipiti, au umeanza kuwaza kujidhuru, mwambie mtu leo hii, kisha nenda hospitali ukaseme wazi wazi. Ustadhi anayekusomea dua na daktari hawagombani, wote wawili waendee. Mwombe nduguyo akusindikize, na uende na kazi yako ya mkono uifanye mkingoja kuitwa.