Unaanza ufundi magari? Jifunze kupima kabla ya kufungua

Vijana wengi wakiingia gereji wanataka kushusha injini wiki ya kwanza. Utakachopewa ni kufungua matairi, kuosha spea na kumwaga oili. Usinung'unike, maana makosa yanayoua injini mara nyingi hufanyika kwenye kazi hizo hizo ndogo.

Anza na injini moja uijue vizuri. Kwa Tanzania tunashauri 1NZ-FE ya Toyota, ya lita 1.5. Utaikuta kwenye IST, Vitz, Premio na Probox, na spea zake zimejaa Gerezani, Dar es Salaam.

Bolti ya kumwagia oili hufunguliwa kwa spana namba 14. Ukishatoa filta ya zamani, pitisha kidole pale ilipokaa, kwa sababu mpira wake huwa unagandia kwenye bloku (mwili wa injini). Ukifunga filta mpya juu ya mpira wa zamani, gari litatoka gereji likiwa kavu kabisa, kisha presha itausukuma mpira nje na oili yote kumwagika barabarani. Mpira mpya upake oili kidogo, na filta uikaze kwa mkono. Injini hii inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Kwa hiyo galoni ya lita 4 haimiminwi yote eti kwa kuwa mteja ameshailipia: oili ikizidi sana krankishafti (mhimili mkuu unaozunguka chini ya injini) huipiga mpaka ikatoa povu, na povu halilainishi beringi. Mimina 3.5, washa injini dakika moja, zima, subiri dakika tano, soma dipstiki (kijiti cha kupimia oili), ndipo uongeze.

Kwenye plagi, zile zinazotoa cheche za kuwasha mafuta, subiri injini ipoe. Hedi (sehemu ya juu ya injini zinapofungwa plagi) ni ya aluminiamu na nyuzi zake huliwa kirahisi ikiwa ya moto. Tumia soketi namba 16, na wakati wa kuirudisha uanze kwa vidole na ekstensheni (fimbo ya kurefusha soketi) tu, bila rachi (mpini wa kukazia). Ikigoma, itoe uanze upya.

Sasa tuje kwenye kinachomtofautisha fundi na mbadilisha spea. Gari linakuja linatetemeka, taa ya injini inawaka, mashine ya kusoma hitilafu inatoa kodi (namba ya hitilafu) P0301. Wapo wanaouza koili mpya (inayoipa plagi umeme) palepale. Hiyo kodi haijasema koili ni mbovu. Imesema silinda namba 1 haichomi vizuri, basi. Hamisha koili ya namba 1 uiweke namba 2, futa kodi, endesha gari. Ikija P0302, tatizo limefuata koili, nunua koili. Ikibaki P0301, fanya hivyo hivyo kwa plagi. Ikibaki tena, angalia nozeli (inayonyunyiza mafuta) na nyaya zake, halafu pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Silinda zikipishana kwa zaidi ya bari 1, hapo hata koili ya bei gani haitasaidia. Vipimo viwili vya kwanza havikugharimu chochote zaidi ya spana namba 10 na soketi namba 16.

Umeme nao uupime, usiubahatishe. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, inasoma volti 12.6 hivi. Injini ikiwa inaunguruma, kwenye magari mengi utapata kati ya 13.5 na 14.5, ikibaki 12 na kitu, altaneta (jenereta ya gari) haichaji. Starta ikivuta kwa uvivu na betri ni nzima, weka waya mmoja wa mita ya kupimia volti kwenye nguzo hasi ya betri na mwingine kwenye bloku, mtu apige starta. Ukisoma zaidi ya volti 0.5, tatizo ni waya wa ethi, aghalabu umeota kutu pale ulipofungwa. Starta iache ilipo.

Haibridi (magari ya petroli na umeme) kama Aqua na Prius usiziguse kwa mazoea. Betri kubwa ya Aqua za toleo la kwanza ina volti 144, na nyaya zake zina rangi ya chungwa ili zikuonye. Kabla hujafundishwa kuzima mfumo huo, kuvaa glavu za umeme, kuchomoa plagi ya usalama (inayokata umeme wa betri hiyo) na kusubiri dakika 10, kazi yako huko iishie kwenye breki na matairi. Na gari lolote lililoinuliwa kwa jeki peke yake hatuingii chini yake. Weka stendi.

Kuhusu vyeti, VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania) wana kozi ya ufundi magari kwa ngazi tatu, na aliyejifunzia mtaani anaweza kupimwa ujuzi wake akapewa cheti. Kenya kuna mitihani ya NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani), kuanzia daraja la III kupanda hadi la I. Kampuni kubwa na migodi watakiomba hicho cheti, kwa hiyo usikiahirishe.

Vifaa nunua kidogo kidogo, ila vizuri: spana na soketi 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21, mita ya kupimia volti, tochi ya kichwani, na baadaye toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza). Soketi namba 10 nunua mbili kabisa, kwa sababu moja itapotelea ndani ya injini ya mtu.