Kikundi chenu na nyumba zisizotoa kaboni Kampala

Dada, umeuliza kama kikundi chenu cha akiba kinaweza kujenga nyumba nafuu zisizotoa kaboni hapo Kampala, na muanze na paneli za sola. Mnaweza, lakini msianzie kwenye sola. Umeme wa Uganda kwa sehemu kubwa unatoka kwenye maji ya Nile, kwa hiyo kaboni ya nyumba zenu itatoka zaidi kwenye saruji, matofali ya kuchoma na mkaa wa jikoni.

Matofali ya kuchoma yanakula kuni nyingi mno. Tumieni ya udongo yanayoshinikizwa kwa mashine ya mkono na kufungamana yenyewe: udongo mwekundu, saruji kidogo, hakuna tanuri, na mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) ya kujengea inapungua sana. Udongo wa juu wenye mizizi haufai. Yanyunyizieni maji na kuyafunika wiki kama nne. Fundi mwenye haraka atawaharibia hapo. Jikoni wekeni nyaya za kubeba jiko la umeme tangu mwanzo.

Kuhusu pesa, ardhi kwanza. Kibanja (kipande unachokalia ndani ya ardhi ya mtu mwingine) kwenye ardhi ya mailo (umiliki binafsi wa kudumu wa Buganda) bila hati hakitawapa mkopo wa nyumba benki, na kukiuza au kukinunua kunahitaji idhini ya mwenye ardhi. Nunueni ploti moja yenye hati, mkaihakiki ofisi ya ardhi, kisha mjenge kwa ghorofa; sheria ya kondominio (umiliki wa nyumba moja moja ndani ya jengo moja) ya 2001 inaruhusu kila familia kupata hati yake. Kopeni SACCO kwa awamu, msingi kwanza.