Mfumo Upi Huria Unaifaa Kompyuta ya Nyumbani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina laptopu ya mwaka 2015 yenye RAM ya GB 4. Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yangu haikubali Windows 11. Nataka kuhamia Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, lakini mmoja ananiambia Ubuntu, mwingine Fedora, wa tatu Debian. Watoto wanaitumia kwa masomo, na mke wangu anaweka humo hesabu za duka kwa Excel. Nichague upi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, mifumo yote mitatu uliyotajiwa imejengwa juu ya kiini kimoja cha Linux, kile ambacho Linus Torvalds alianza kukitoa mwaka 1991, na yote hupatikana bila malipo. Inachotofautiana ni mwonekano, uzito na muda ambao kila toleo huhudumiwa. Ubuntu ya kawaida hutumia mazingira (yaani mpangilio wa madirisha na menyu) ya GNOME, ambayo kwa RAM ya GB 4 huelemewa mapema mtu anapofungua kurasa kadhaa za intaneti. Fedora inawafaa wapenda mambo mapya, ila toleo lake huhudumiwa kwa takriban miezi 13 tu, na kupandisha toleo kila mara hula bando. Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, ni imara sana, lakini humtaka mgeni aamue mengi mwenyewe.

Mimi nakushauri uchukue Linux Mint yenye mazingira mepesi ya Xfce. Imejengwa juu ya Ubuntu, na matoleo yake ya 22 yatahudumiwa hadi mwaka 2029. Menyu iko chini kushoto, mahali ambapo familia yako imezoea kuitafuta, na ndani yake tayari mna Firefox ya kuvinjari intaneti na LibreOffice ya kuandika nyaraka na kufanya hesabu. Naupa uzito huo mazoea kwa sababu kompyuta ya nyumbani haichaguliwi na fundi peke yake. Ikiwa mtoto hawezi kuandika na kuchapisha kazi yake ya shule mpaka wewe urudi kutoka kazini, basi mfumo huo hauwafai, hata usifiwe vipi.

Hesabu za duka zenye safu na jumla za kawaida zitafunguka vizuri katika LibreOffice. Kama faili hilo lina makro, yaani amri zinazofanya kazi zenyewe ndani ya faili, usihame kabla ya kulijaribu, kwa maana makro nyingi za Excel hazifanyi kazi huko.

Kujaribu ni rahisi. Pakua faili la Mint, ambalo ni karibu GB 3, uliandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu kama Rufus, kisha uwashe laptopu huku ukibonyeza F12 au F9, kutegemea aina yake, na uchague flashi. Mint itafunguka bila kugusa diski. Hapo jaribu waifai, sauti, printa na lile faili la duka. Waifai ikigoma, unganisha simu kwa waya wa USB ili upate intaneti, halafu fungua Kisimamia Viendeshi (Driver Manager) uone kama kuna kiendeshi, yaani programu ya kuwezesha kifaa, cha kuongeza.

Ukiridhika, nakili kwanza picha na nyaraka zote kwenye diski ya nje, kwa kuwa chaguo la kufuta diski wakati wa kusakinisha halibakizi kitu. Na kama laptopu bado ina diski ya kuzunguka, ukipata fedha kidogo weka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kabla ya kusakinisha, ili usifanye kazi hiyo mara mbili.