Jibu: Ukiitwa kutoa maoni, itisha karatasi kwanza

Umeuliza, ndugu, kama kuna faida yoyote mkazi wa Nairobi kuacha kazi yake aende kikao cha kutoa maoni kuhusu miradi na bajeti ya kaunti ilhali wakubwa wameshaamua. Wengi wamekujibu usijisumbue. Mimi nasema nenda, ila usiende mikono mitupu.

Nimehudhuria vikao hivi Eastlands kwa miaka mingi. Tangazo hubandikwa mlangoni kwa chifu kikao kikikaribia kabisa. Ukumbini afisa anasoma tarakimu mbio mbio, kisha wakazi wanapewa maikrofoni: maji hayaji, taka hazizolewi, taa kubwa ya mtaani, mulika mwizi, imezimika. Mnasaini orodha, mnapigwa picha, mnaenda nyumbani. Baadaye sahihi hizo ndizo ushahidi kwamba mlishirikishwa. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu Kifungu cha 10 cha Katiba kinataja ushiriki wa wananchi na uwazi miongoni mwa maadili ya taifa, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya British American Tobacco, ilisema ushirikishwaji lazima uwe wa kweli, si wa kutimiza utaratibu tu.

Mtaani kwetu mambo yalibadilika tulipoanza kudai stakabadhi. Barabara ya kwenda zahanati ilikuwa inafurika kila masika, mpaka akina mama wajawazito wanabebwa mgongoni. Mama mmoja anayeuza mboga hapo kando akatuuliza: pesa za mtaro huu ziliwahi kutengwa au la? Hakuna aliyejua. Tukaandika barua kwa ofisi ya umma iliyohusika (sitaitaja) tukiomba orodha ya miradi ya wadi, kiasi kilichotengwa, aliyeshinda zabuni na malipo yaliyokwisha kutolewa.

Barua hiyo inatokana na Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Hudaiwi ada ya kuwasilisha ombi, ila gharama ya kutoa nakala unaweza kutozwa. Sababu zako za kuuliza haziwezi kutumiwa kukunyima. Wana siku 21 za kujibu, na habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Wakinyamaza, sheria inahesabu kwamba wamekataa, nawe unaweza kupeleka malalamiko kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala.

Mambo mawili nasisitiza. Peleka nakala mbili, na yako igongwe muhuri wenye tarehe, maana bila muhuri utaambiwa barua haikufika. Pili, usiandike neno "wizi" hata kama una hakika nao. Barua ya kushtaki inapelekwa kwa wakili. Barua ya kuomba tarakimu inapelekwa kwa karani, na karani ndiye mwenye faili.

Sisi tulinyamaziwa, tukaenda kwa Ombudsman, na karatasi zikatoka. Mtaro wetu ulikuwa umetengewa pesa miaka miwili mfululizo, na katika ripoti ya mwaka wa kwanza umeandikwa umekamilika! Kikao kilichofuata, yule mama alisimama akataja ukurasa na kiasi. Afisa akaomba muda. Tukakubali, kwa sharti kwamba swali na ahadi yake viandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Kontrakta akaja. Amechimba upande wa chini. Wa juu bado tunaufuatilia kwa barua nyingine.

Kuhusu bajeti ya kaunti, wengi hujitokeza Mei, makadirio yakiwa tayari bungeni tangu mwisho wa Aprili. Wakati huo nafasi imeshabana. Viwango vya kila sekta huwekwa katika waraka wa sera ya fedha unaofika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na mpango wa maendeleo wa mwaka hufika kufikia Septemba 1. Anayetaka mradi wake uingie aanze kusumbua Agosti, akiwa na kikundi, si peke yake. Kumbuka Mswada wa Fedha wa 2024: vijana waliusoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, na watu wakajua hasa wanachokipinga. Mswada ule haukutiwa sahihi, na ni kwa gharama ya maisha ya vijana wetu. Kusoma kule mapema tunaweza kukufanya katika kila wadi, bila mtu kuumia.

Umeuliza pia kuhusu shosho yako asiyejua kuandika. Sheria imemfikiria. Aende mwenyewe kwenye ofisi husika, aseme anachotaka kujua, na afisa wa habari ana wajibu wa kuliandika ombi lake na kumpa nakala. Mwambie asitoke pale bila nakala hiyo.