Goti Likikakamaa Baada ya Plasta, Anza na Paja

Mtu anayefunguliwa plasta baada ya kuvunjika mguu hulilaumu goti kwa kuwa ndilo linalokataa kukunjika, ilhali sehemu kubwa ya kazi inayomsubiri imo pajani. Mimi nilivunjika mfupa wa muundi, na plasta ilipoondolewa paja la mguu ule lilikuwa limenywea hata suruali ikapwaya upande mmoja. Mfupa ulikuwa umeunga vizuri, lakini mfupa haujiendeshi wenyewe.

Msuli hauwezi kusukuma. Kazi yake ni kuvuta tu, na ndiyo maana misuli hufanya kazi kwa makundi yanayopingana. Ile minne ya mbele ya paja hulinyosha goti, ile ya nyuma hulikunja, na kundi moja linapojikaza jingine hulegea ili kulipa nafasi. Misuli ya mbele huungana katika kano nene inayopitia kwenye pia ya goti hadi kwenye mfupa wa muundi, na pia hiyo ya goti, kwa kuiweka kano mbele kidogo ya kiungo, huiongezea misuli uwezo wa kuunyosha mguu. Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu laini lisilo na mishipa ya damu, ambalo hupata lishe kutoka kwenye ute wa kiungo kila linapobanwa na kuachiliwa, kama dodoki linavyofyonza maji. Kiungo kisichotembezwa hukosa lishe hiyo.

Kwa hiyo, daktari akisharuhusu, keti umenyosha mguu, weka taulo iliyokunjwa chini ya goti, kisha likandamize kwa kukaza paja kwa sekunde 5 hivi na kuachia. Zoezi hili linafaa hata kabla goti halijaanza kukunjika. Baadaye jifunze kuinua mguu ukiwa umenyooka, halafu kuinuka kitini bila kujisaidia kwa mikono. Maumivu kidogo yanayotulia ni ya kawaida. Yakidumu hadi kesho yake, au goti likivimba, punguza. Wengi huwahi kwa mkandaji, na kukandwa kunaliwaza kweli, lakini msuli hupata nguvu kwa kufanya kazi wenyewe, na kulikunja goti kwa nguvu kunaweza kuliumiza.

Shavu la mguu likivimba, likawa na joto na kuuma, nenda hospitali mara moja, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Pumzi ikibana ghafla, usisubiri hata kidogo.

Ngazi ziwe za mwisho. Kushuka ni kugumu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu misuli ya paja hulazimika kurefuka huku ikiuzuia mwili usianguke. Shika ukingo, panda kwa kutanguliza mguu mzima, na ushukapo tanguliza ule ulioumia, ili mguu mzima uliobaki juu ndio uubebe mwili unapoteremka.